Mshale Kwenye Mpira wa Breki

Baba mkwe wangu aliniletea pikapu yake gereji, Mbulu mjini, ikikosa nguvu kilimani. Nikamshauri tung'oe vile vidude vya kupunguza moshi, maana huku kwetu hakuna anayevitengeneza. Alikubali. Fundi ni mimi, na bintiye nimemuoa mimi, angekataaje?

Vidude vikitoka, vimipira vya hewa hubaki vinaning'inia kama utumbo wa mbuzi. Niliviziba kimoja kimoja. Mpira mnene unaounganisha injini na breki ulikuwa umepasuka, nikaweka mwingine. Ndani yake kuna valvu ndogo yenye mshale, hupitisha hewa upande mmoja tu. Sisi mafundi tunauita mpira wa kupeleka hewa kwenye breki, basi nikauelekeza mshale kwenye breki. Kumbe injini haipeleki chochote. Inavuta hewa kutoka kwenye breki, na mshale ulipaswa kuelekea injini! Jina lilinidanganya, na mimi sikujisumbua kufikiri.

Mzee alizunguka na gari kidogo, akarudi. "Mwanangu, breki imekuwa ngumu. Ni kama nakanyaga jiwe."

Nilikuwa na njaa, na kiburi juu. "Gari iko sawa, baba. Labda ni mguu. Umri nao."

Akacheka kidogo, akaondoka.

Simu ilinikuta bado nakula. Kwenye mteremko wa kwenda Nambis gari ilikataa kusimama, mzee akaichomeka kwenye ukingo wa udongo. Nilifika kwa bodaboda. Alikuwa amekaa kando ya barabara, mzima, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikafunua boneti, nikauona mshale. Nilikaribia kumuua baba wa mke wangu kwa kitu kinachoenea kiganjani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Alisimama, akavua kofia. "Unisamehe, mwanangu. Uliniambia kuhusu huu mguu, nikakaidi. Ningeua watoto wa watu."

Akaninyooshea ufunguo kwa mikono miwili. Mikono miwili, mzee yule, kwangu mimi! Nilishtuka kuliko nilivyoshtushwa na ajali yenyewe. Nikaupokea ufunguo, habari ya mshale sikumwambia.

Kesho yake niliigeuza ile valvu, breki ikawa laini kabisa. Mzee hajashika usukani tena. Jumapili anapanda kilima kwenda kanisani kwa miguu, bila fimbo, na watu wakimuuliza gari iko wapi, anawajibu kwamba ana bahati ya mkwe asiyeogopa kumwambia mtu ukweli.