Swichi ya Tatu

Katika ofisi moja ya Makambako nilihudumia swichi nne za mtandao, vile visanduku vya kuunganishia kompyuta, zimepangwa moja juu ya nyingine na kuunganishwa nyuma kwa nyaya fupi nene, zikafanya kazi kama mashine moja. Kila moja ilikuwa na namba yake. Radi ikaunguza ya tatu. Niliichomoa, na zilizobaki ziliendelea kama kawaida, ila kwenye kompyuta yangu orodha ilibaki ile ile: moja, mbili, tatu haipo, nne. Ilinikera mno. Kitu nimekibeba mwenyewe hadi stoo, bado kinahesabiwa cha nini?

Mama yangu, kule Uwemba, alikuwa hivyo hivyo. Akiulizwa ana watoto wangapi, alijibu wanne. Dada aliyenitangulia tulimzika nikiwa darasa la pili. "Mama, tuko watatu," nilimkatiza siku moja mbele za watu, kwa sauti ambayo mpaka leo naionea aibu.

Ijumaa moja niliandika amri fupi, nikaifuta namba tatu. Ikabaki moja, mbili, nne. Nikapanda gari kwenda nyumbani, moyo mwepesi.

Nilimkuta Mama na mgeni kutoka Yakobi, amefuata mbegu za viazi. Katika maongezi mgeni akamuuliza ana watoto wangapi. Mama alinitazama kwanza.

"Watatu," akasema.

Nilitoka nje, nikasimama kwenye baridi nikijaribu kuikumbuka sura ya dada. Haikuja.