Kopo Jeupe la Mzee Issaka

Ukitaka kumkasirisha Mariette Katungu, ingia katika famasia yake pale Butembo, weka mkono kiunoni, umwambie: "Mama, minataka dawa ya bakubwa, hapana ile ya kopo." Atakutazama juu ya miwani mpaka ujisikie mtoto wa shule. Kisha atakuuliza unaumwa nini, tangu lini, na ni daktari gani aliyekuandikia. Dawa utapata. Maneno pia utayapata, na ya kwake hayalipiwi.

Katungu ni muuguzi wa kusomea, mwanamke mfupi wa miaka hamsini na tatu, mwenye sauti inayovuka barabara. Anauza dawa za kila namna, ila ubishi wake mkubwa ni juu ya zile za maumivu makali, zisizotoka bila karatasi ya daktari. Tramadoli, kwa mfano, inamfikia kwa njia mbili. Moja inakuja katika boksi la buluu lenye jina la kampuni kwa herufi za kung'aa, na watu wanaiita "ya buluu" tu. Nyingine inakuja katika kopo jeupe la plastiki, imeandikwa jina la dawa basi. Kilichomo ni kilekile, kwa kipimo kilekile. Ya buluu bei yake ni karibu mara nane ya bei ya kopo.

Wala msimdhanie kwamba anapenda makopo ovyo. Kuna mchuuzi aliyemletea katoni mbili za bei ya kutupa, namba ya loti ya kiwandani haisomeki. Katungu alimfokea mbele ya wateja hadi yule bwana akaondoka na kusahau kofia yake juu ya kaunta. Kopo analouza Katungu linatoka kwenye depo inayopima dawa kabla ya kuzigawa, na karatasi za vipimo amezifungia katika droo. Ukibisha, atakuonyesha.

Ana desturi moja inayojulikana mtaa mzima. Kila dawa inayotoka mikononi mwake anaiandikia kwa kalamu ya bic siku inayopaswa kuisha. Wengine wanamcheka. Yeye anajua kwa nini anaandika.

Mama yake alifia Kirumba, kwa ugonjwa wa mifupa. Katika familia nyingi za huku, mzazi akiugua, boksi la dawa halifichwi. Linawekwa mezani, karibu na termosi ya chai, ili kila anayekuja kusalimia aone kwamba watoto hawakumtupa mzazi wao. Katungu na ndugu zake waliweka la buluu, na wageni wakawasifu. Mama, aliyejua boksi lile lilivyowatoa jasho, alikuwa anakunywa kidonge kimoja penye vitatu, akisema kinamtosha. Baada ya mazishi Katungu alilifungua boksi, akakuta vidonge kumi na viwili. Mama alikuwa ameviweka akiba kwa siku ambayo maumivu yangezidi. Jambo hilo halijamtoka Katungu moyoni mpaka leo.

Basi mnaweza kuelewa alivyompokea Luc, mjumbe wa kampuni inayosambaza ya buluu, alipokuja na tai yake na mkoba wake.

"Mama Katungu, ukiuzisha maboksi mia kwa mwezi, société itakuletea frigo ya solaire."

Friji ya umeme wa jua ingemfaa kweli: yake ilikuwa imekufa tangu Krismasi, na insulini ya wagonjwa wake ilikuwa inalala kwa jirani. Katungu akaitazama ile friji mbovu.

"Frigo minaitaka, Luc, sitakudanganya. Lakini nani atailipa? Hapana weye, hapana société. Ni bagonjwa."

Luc alicheka, akaacha kalenda ya kampuni, akaenda zake. Si mtu mbaya Luc, ana watoto wa kulisha. Lakini kalenda ile Katungu aliigeuza, akaandika nyuma yake ratiba ya chanjo.

Wiki iliyofuata akaingia Hawa, mfanyabiashara wa vitenge anayepanda Butembo kutoka Beni kila mara kuchukua bidhaa. Baba yake, Mzee Issaka, aliyeendesha malori kwa miaka arobaini kati ya Kirumba na Eringeti, alikuwa na saratani iliyokwisha kuingia katika mifupa ya nyonga. Daktari wa Beni alikuwa ameandika ya buluu, kwa mazoea tu. Hawa aliweka boksi tupu juu ya kaunta na kuomba jingine.

Katungu akaligeuza, akasoma maandishi yake mwenyewe. Boksi lilipaswa kuisha wiki tatu zilizopita.

"Hawa, hii iliisha lini?"

"Jana, Mama."

"Mzee anakunywa ngapi kwa siku?"

Hawa akatazama chini. "Kamoya tu, akitaka kulala. Muchana anavumilia."

"Nani alimwambia avumilie?"

Hapo Hawa akaanza kulia. "Mama, nikiweka kopo pale mezani, bandugu ya Eringeti batasema nini? Batasema tumemutupa Baba."

Ingekuwa rahisi kumuuzia boksi jingine, maana pesa alikuwa nayo mkononi. Katungu hakuligusa. Alimpigia daktari simu, akamweleza, naye akakubali bila ubishi kubadilisha karatasi: tramadoli ya kopo, kipimo kilekile, mara tatu kwa siku. Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ya wateja wengi kuliko zote. Katungu akafunga famasia, akashuka Beni pamoja na Hawa.

Njiani Hawa alimnong'oneza wazo lake: wamimine vidonge vya kopo ndani ya boksi la buluu, mzee asijue, na wageni wasijue.

"Mugonjwa simudanganyi," alisema Katungu. "Nikianza leo, kesho nitadanganya weye."

Mzee Issaka alikuwa amelala kwa ubavu nyuma ya pazia, meno ameyakaza, lakini aliwasalimia kwa adabu zote na kuulizia habari za barabara. Miezi mitatu alikuwa hajaketi. Katungu akaweka boksi na kopo kando yake, akaeleza yote bila kuficha bei wala jambo la wageni.

"Iko sawa na ile?" mzee akauliza.

"Iko sawa, Mzee. Minaijua. Hii njo ningemupa mama yangu."

Mzee akamgeukia binti yake. "Hawa, miaka makumi ine niliendesha lori. Sikuuliza hata siku moja pompe ya mafuta iko na rangi gani. Niliuliza kama gasoil iko safi, na kama itanifikisha. Sasa munanitilia gasoil ya bei kali, lakini munaishia mu robo ya tanki. Nitafika wapi?"

Hawa akacheka huku machozi yakimtoka. Katungu akahesabu vidonge vya mwezi mmoja ndani ya kopo, akaandika tarehe, akaonya juu ya usingizi, na kuhusu tumbo kufunga akaagiza papai na maji mengi. Hawa alikubali yote, ila kopo alilificha chini ya kitanda. Mezani liliendelea kukaa boksi tupu la buluu.

Siku ya nne simu ikalia Butembo. Alikuwa Hawa, akaisogeza simu mlangoni ili Katungu asikie. Mzee Issaka alikuwa ameketi mlangoni, anamgombeza dereva mmoja aliyeegesha lori vibaya. Katungu alifurahi mpaka akawapa wateja wawili dawa bila kuwahoji.

Mzee aliketi pale mlangoni miezi miwili na siku kadhaa, akipokea wageni yeye mwenyewe. Kisha Jumanne moja, alfajiri, akafariki.

Katungu alishuka siku hiyohiyo akiwa na hofu. Ndugu wa Eringeti walikuwa wamefika, na mtu akifa huku akitumia dawa ya bei rahisi, watoto wake husemwa sana. Aliingia kati ya akina mama, na kitu cha kwanza alichoona ni kopo jeupe, limewekwa mezani karibu na termosi. Boksi la buluu halikuwepo.

Shangazi mmoja alikuwa anauliza, "Nani aliweka hii plastiki hapa?"

"Ni miye, Tantine," Hawa alijibu, wote wakasikia. "Ile ya buluu ilikuwa ya macho yenu. Hii njo ilimuketisha Baba."

Katungu akalichukua kopo kwa mazoea ya kazi, akasoma siku ya kuisha aliyoiandika alipolijaza mara ya mwisho: Jumanne hiyohiyo. Akafungua kifuniko. Ndani mlikuwa na vidonge vitatu, vya siku ile, basi. Mzee Issaka hakuweka hata kimoja akiba kwa maumivu ya kesho.

Katungu akalirudisha kopo mezani, akaketi mkekani na wenzake, akamlilia mzee yule pamoja na mama yake wa Kirumba.