Rangi Uvunguni mwa Lori

Kila mwaka, kabla mvua hazijaanza, Mzee Gia huingia uvunguni mwa lori lake, na kuanzia hapo kinachoonekana ni miguu tu. Mgeni akibisha hodi, mkewe humwambia afuate zile kandambili. Mwenye shida naye hana budi kuchuchumaa, maana mzee hatoki huko kwa ajili ya mtu. Labda kwa ajili ya chakula, nacho kiwe kimeshapakuliwa.

Jina la Gia alijitafutia mwenyewe. Alipokwenda kuposa, baba wa binti alimuuliza atajenga lini, naye akajibu, "Taratibu, baba, bado niko gia ya kwanza." Mke akapewa kwa kicheko, na jina likabaki. Kwa miaka mingi aliendesha magari ya watu, na lori hili ndilo lililokuwa la kwanza kuwa lake. Alilinunua limeshachoka, akalibebesha mchanga, mabati, madawati ya shule, na vyombo vya ndoa zilizoanza na zilizovunjika. Malori ya rika lake yalishakatwakatwa yakawa vyuma chakavu. La kwake lilikuwa bado linaunguruma uani, kwa sababu kutu haikupewa nafasi.

Wenye magari wengi husugua bodi mpaka mtu anaweza kujitazama na kuchana nywele, huku chini wameyaachia matope. Mzee Gia alikuwa kinyume chao. Bodi ya lori lake ilikuwa na michubuko ya kila aina, na mlango mmoja haukufanana rangi na mwenziwe. Lakini uvunguni palikuwa pasafi kuliko majiko ya watu fulani, na mkewe hakupenda kuuliza ni watu gani.

Kazi ilikwenda hivi. Mawe yaliwekwa kwenye magurudumu, jeki ikapigwa, chesisi, ule uti wa mgongo wa lori, ikaegemezwa juu ya magogo, naye akajilaza juu ya boksi lililokunjuliwa. Alianza kubandua matope kwa bisibisi ya zamani, kisha akashika brashi ya waya na kusugua mpaka nyusi zikajaa vumbi la kutu. Grisi aliifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kwani rangi haishiki juu ya grisi. Ndipo akapaka ile nyekundu ya kuzuia kutu, na juu yake nyeusi. Bomba la moshi aliliruka, asije akaunusisha mtaa mzima rangi inayoungua. Vitundu vya kutolea maji kwenye chesisi aliviwekea vijiti ili visizibwe, na baadaye akavichomoa kimoja kimoja. Akipaka asubuhi na jua likiwaka, chakula cha mchana hakijaiva anapitisha kidole, na kidole kinarudi kisafi.

Taa ilishikwa na mkewe, kwa kuwa jicho la kulia la mzee lilikuwa limeingia ukungu. Mama huyo alikuwa na ulimi. Lori aliliita mke mwenzangu, na kila mwaka aliuliza, "Mwenzangu ameshaoga?"

"Anapakwa wanja," lilijibu lori, kwa sauti ya mumewe.

"Mimi wanja nitapakwa lini?"

"Wewe huna kutu."

Mwaka huu taa ilishikwa kimya kimya. Muda mfupi kabla ya hapo mzee alikuwa amerudi nyuma na lori akaangusha ukuta wa jirani, upande wa lile jicho, mahali ambapo watoto walikuwa wakicheza punde tu kabla. Hakuna aliyeumia. Lakini mkewe aliketi papo hapo vumbini, na alipoinuka alisema lori liuzwe. Binti yao, fundi cherehani, akaitikia kwamba atakayemtafuta mteja ni yeye. Wote wawili walijua kuwa lori likibaki uani, siku moja mzee atauchukua ufunguo.

Mzee hakubisha. Aliingia uvunguni kama kawaida yake, na kusema kweli alikuwa na mipango yake moyoni. Aliamini wakiliona limependeza roho zitawauma, wataghairi. Alilipenda lori lile, hakuna haja ya kuzungukazunguka.

Hawakughairi. Kabla juma halijaisha binti alimleta mfanyabiashara wa matofali, bwana mnene mwenye tochi mfukoni na nyundo ndogo mkononi. Aliwasha injini, akaisikiliza, akaridhika. Alijaribu breki, akaridhika. Halafu akachuchumaa, akamulika chini, na uso ukabadilika.

"Mzee wangu, mbona huku kumepakwa rangi juzi tu?"

"Napaka kila mwaka."

"Sawa." Alijipangusa magoti. "Ila gari likitaka kuuzwa, likapakwa rangi chini, mimi huwa naaga. Nilishauziwa mbuzi kwenye gunia. Chesisi ya lori ilikuwa imekatika, wakaiunga, wakapaka nyeusi kama hii. Lilinikatikia barabarani na mzigo wangu wote."

Binti alijaribu kueleza, mara mbili mbili. Yule bwana alitikisa kichwa kwa upole na kurudisha tochi mfukoni.

Hapo Mzee Gia angenyamaza tu. Wanunuzi wa malori hawawi wengi, na wanaambiana. Angekaa kimya, yule bwana angeondoka na maneno yake, na lori lingebaki uani. Kile alichokuwa akikililia moyoni kilikuwa kimeletwa mpaka mlangoni, naye alijua. Alisimama akichezea kitambaa chake cha kufutia mikono, na mkewe, aliyemjua kuliko alivyojijua mwenyewe, alimtazama.

Mteja akaharibu kila kitu kwa wema wake. Alimshika mzee bega, akamwambia, "Usijali, mzee wangu. Hata mimi ningekuwa wewe ningepaka. Kila mtu anatafuta riziki."

Mzee Gia akaenda kuchukua bisibisi.

"Chagua mahali," alisema.

"Si lazima, mzee."

"Nimekwambia chagua."

Bwana akachuchumaa, akaonyesha karibu na springi za nyuma. Mzee akajilaza, akakwangua. Nyeusi ikatoka, nyekundu ikatoka, kikabaki chuma kikavu kinachong'aa. "Kwingine," akasema. Bwana akaonyesha nyuma ya kabini, mahali chesisi hupenda kukatika. Mzee akakwangua eneo la kiganja kizima, akaing'oa rangi aliyoipaka kwa mikono yake, na kila alipokwangua alijua anachokifanya. Hakukuwa na kiungo, hakukuwa na ufa. Bwana alipiga kwa nyundo, chuma kikaitikia vizuri.

"Nimekukosea, mzee wangu," alisema. Kisha akamgeukia binti, wakapeana mikono, naye akasema angependa kuondoka nalo mchana huohuo, dereva wake yuko njiani.

"Subiri," sauti ya mzee ilitoka chini. "Nimeviacha vyuma uchi."

Akaomba rangi. Mkewe ndiye aliyemletea makopo, akawasha taa, akachuchumaa na kummulikia. Mzee alipaka taratibu kuliko siku zote. Sehemu ile ilikuwa ndogo, naye aliirudia na kuirudia, na machozi yakamshuka kuelekea masikioni. Mkewe aliyaona, akaisogeza taa kidogo ili mwanga usimpige usoni.

Mzee alipotoka, yule bwana alikuwa ameshashika ufunguo.

"Itachukua muda gani kukauka?"

Mzee Gia akafumbua kinywa. Kuhusu rangi hakuwahi kumdanganya mtu maishani mwake, na hakuwa na nguvu za kuanza leo.

"Mpaka kesho," mkewe akamwahi. "Hii ni nzito, baba. Ukilitia barabarani leo, rangi itashika vumbi lote. Njoo kesho asubuhi."

Bwana alilitazama jua lililokuwa likichoma uani, akamtazama mama, akaurudisha ufunguo. Alipoondoka, binti alimfuata mama yake jikoni, akamnong'oneza, "Mama, si ile rangi hukauka kabla hata chakula hakijaiva?"

Mama yake alikuwa dirishani. Nje, mzee alikuwa amekaa kwenye boksi lake, ameegemea gurudumu.

"Mwache," alisema. "Leo ni zamu ya mwenzangu."