Tumbawe la Baba Kasyoki

"Mama Kasyoki, kwani bwanako siku hizi anaongea na nani huko sebuleni?" Jirani yangu Mwanamisi aliniuliza hivyo mwaka jana, tukianika nguo, kila mtu upande wake wa ua.

"Na jiwe," nikamwambia.

"La kike ama la kiume?" Akacheka mpaka shuka ikamwanguka. Mimi sikucheka.

Bwanangu anaitwa Mbaluka. Alizaliwa hapa hapa Kibwezi, na akiwa kijana akaandikwa kazi kwa hoteli moja Mombasa, kutunza tangi la kioo lenye samaki na matumbawe. Tumbawe ukiliona utasema ni jiwe, kumbe ni mnyama wa baharini, ana ngozi na midomo. Alifanya hiyo kazi miaka ishirini na sita. Watoto wanne niliwalea kwa jembe na maombi, na yeye nilimpata Desemba. Miezi ile mingine kumi na moja ilikuwa ya matumbawe.

Hoteli ilipofungwa, meneja akampa tangi dogo na tumbawe moja la kijani, kubwa kama ngumi. Alilileta kwa ndoo ya maji ya bahari, ameikumbatia kutoka Mombasa mpaka nyumbani. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na leso mpya. Akaniambia, "Nipishe haraka, litapata joto." Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yangu.

Mbaluka ni mpole, sitamsingizia. Hanywi, hapigi kelele, Jumapili anapanga viti vya kanisa bila kuombwa. Lakini nilipomwagikiwa na uji mkononi, alisema tu, "Tia maji baridi," macho yakiwa kwa kioo. Na hilo tumbawe likijikunja kidogo, utamsikia: "Pole, mama. Nani amekuudhi?"

Mama! Mimi hapo nachambua maharagwe.

Kilichonimaliza ni maji. Huku kwetu maji ya kisima ni ya chumvi; ukipikia muthokoi, mahindi na maharagwe yanakaa magumu kama changarawe. Ya kupikia ni ya mvua, yale ya paa. Sasa maji ya tangi yakipungua kwa joto, Mbaluka anaongeza ya mvua. Anasema mvuke hauendi na chumvi, chumvi inabaki nyuma. Kiangazi kikaja, maji ya paa yakaanza kuisha, na yeye bado anajaza mtungi wa tumbawe lake kwanza. Nikasema moyoni, hili tumbawe limetoka baharini, chumvi ni kwao. Mbaluka akienda shambani, namimina mtungi wake kwa sufuria, nautilia maji ya kisima. Wiki mbili. Muthokoi uliiva vizuri sana.

Halafu tumbawe likajifunga. Ngozi ya upande mmoja ikachanika, mfupa mweupe ukaonekana. Mbaluka hakula. Alikaa kwa kigoda, kofia mkononi, kama mtu aliye matangani. Na mimi, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilijiuliza ni: nikifa mimi, atakaa hivi?

Siku ya tatu nilipiga magoti, maombi yakakataa kupanda. Nikarudi sebuleni. Alikuwa ameweka mezani koleo, dawa ya iodini ya vidonda, na gundi ile ya kukauka haraka.

"Lazima nikate palipooza," akasema. "Sijui nilikosea wapi. Miaka yote hiyo sijaua hata moja."

"Baba Kasyoki, ni mimi. Nilitia maji ya kisima kwa mtungi wako."

Akaniangalia sana. "Kwa nini?"

Ningeweza kusema ni maharagwe. Nikasema, "Kwa sababu unaliita mama."

Alimwaga nusu ya maji ya tangi, akatia ya bahari aliyokuwa amehifadhi. Akakata upande uliooza, kikabaki kipande kizima kikubwa kama kidole gumba. Akakichovya kwa maji yenye iodini, akapaka gundi kwa jiwe dogo la kukibandika. Kipande kikateleza mara ya kwanza, kikateleza tena. Mimi nilibaki nimesimama, sijui kama niondoke.

Bila kuinua kichwa, akasema:

"Lete vidole vyako hapa. Kishike polepole, na usiachilie mpaka nikuambie."