Hodi Isiyo na Mtu

Kazi yangu ni kukata vioo na kufunga madirisha ya aluminiamu. Vipande vinavyobaki huwa havitupiki. Unaviegemeza ukutani ukijiambia vitafaa siku moja, mpaka mtu unayeishi naye aanze kuuliza. Kwetu aliyeuliza ni mama. Nyumba ni yake, ile ya mji mkongwe wa Bagamoyo aliyoingia akiwa bibi harusi, na mimi ndiye mtoto niliyebaki naye. "Baba, hivi vioo unajenga msikiti gani?" aliniuliza asubuhi moja, kanga yake iliponasa kwenye ncha ya kimoja.

Siku zile nilikuwa nimeona kwenye simu jamaa mmoja aliyetengeneza bwawa ndani ya nyumba. Tangi la kioo, chini maji na samaki, juu nchi kavu yenye mimea, na maji yanachuruzika mawe kwa mawe. Wenyewe wanaliita paludariamu. Nikashikwa na udadisi, ambao mama anauita ugonjwa. Nilitaka kujua kama kitu kile kinaweza kuishi ukumbini kwetu, karibu na bahari, kwa umeme huu wetu wa kuja na kuondoka. Nikagandisha vile vioo kwa silikoni, nikapata tangi la urefu wa meza.

Mwanzo liliniadhiri. Nilitia maji ya kisima chetu na mawe ya matumbawe, maana ndiyo tuliyonayo, hata kuta za nyumba ni hayo hayo. Mimea ikawa ya njano, kisha ikayeyuka. Nikalaumu taa, nikalaumu pampu, nikamlaumu hata yule jamaa wa kwenye simu. Hasira zilipopoa nikachovya kidole ndani ya maji na kukilamba. Chumvi na chokaa tupu. Tangu hapo nikawa nakinga maji ya mvua yanayotoka batini, na mawe nikaletewa meusi, ya mtoni, na mteja wangu wa Msata. Udongo wa nchi kavu niliutengeneza kwa makumbi ya nazi niliyoyachambua kwa mkono na kuyachanganya na mkaa uliosagwa.

Mimea nilikwenda kuichimba Zinga, bondeni, pembeni ya majaruba ya mpunga: magimbi machanga, matete membamba, na kangaga, ile inayopenda kivuli na miguu iliyolowa. Kangaga nilikosa pa kuishikiza, nikachukua kifuu cha nazi, nikakifunika kifudifudi kwenye kona ya nyuma na kuibana mizizi juu yake. Majini nikatia visamaki vya mtaroni vinavyokula viluwiluwi vya mbu. Hilo lilikuwa sharti la mama. "Mbu mmoja akiniuma, bwawa lako nalimwaga uani."

Basi likashika. Sijui nieleze vipi furaha ya kuamka na kukuta jani la gimbi lililokuwa limejikunja jana sasa limefunguka, na tone la maji katikati yake. Kangaga ilikifunika kifuu chote. Juu ya mawe pakaota ile kijani laini ya kwenye kuta zenye unyevu, ambayo wala sikuipanda. Kila siku nilikuwa nachungulia nione kimeingia nini kipya: konokono, wadudu wa majini, mmea nisioujua. Mama ana mtoto wa jicho, anachokiona ni mwanga na rangi tu, lakini alihamishia kiti chake pale, kati ya tangi na mlango wa mbele. Alisema panatoa harufu ya mvua.

Ndipo alipoanza kukaribisha watu wasiokuwepo.

Unakuwa uani, unamsikia: "Karibu!" Unakwenda mlangoni, hakuna mtu. Barazani hakuna mtu. "Kuna mtu amegonga," anasema, "mara tatu, kiungwana kabisa." Mara ya kwanza tulicheka. Ilipojirudia na kujirudia, dada yangu mkubwa, anayeishi Dar es Salaam, alikuja kutusalimia akaishuhudia mwenyewe. Alinivuta pembeni. "Kichwa kimeanza kumchezea, mdogo wangu. Hawezi kushinda peke yake hapa ukiwa kazini. Mwezi ujao nakuja kumchukua."

Dada si mtu mbaya. Alikuwa na hofu, na yeye akiwa na hofu hupanga mambo. Tatizo ni kwamba mama hakutaka kuondoka. Alisema Dar atakaa kwenye kochi kama mto, hajui nani anapita nje. Hapa mtaani anajulikana kwa karibu yake, haijapata kutokea mtu akapiga hodi mbili mlangoni kwake.

Baada ya dada kuondoka, mama akanyamaza. Hakukaribisha tena mtu. Mimi nikadhani yamepita, mpaka jirani yetu wa nyumba ya pili aliponisimamisha njiani. Alikuwa ameleta sahani ya vitumbua, akapiga hodi mpaka akachoka, na kwa upenyo wa mlango anamwona mama amekaa kitini, kimya, ameinamisha kichwa. "Mama ana nini? Nimemkosea?" Mama yangu kumwacha mtu mlangoni! Hilo liliniuma kuliko karibu zote alizowapa watu hewa.

Siku moja umeme ulikatika tangu asubuhi, na bila umeme mashine yangu ya kukatia ni chuma tu. Nikakaa mkekani miguuni pa mama, tunachambua mchele. Mvua ilipita, ikaacha ubaridi. Pampu ya tangi ilikuwa imezimika, nyumba imetulia kuliko kawaida yake.

Ko-ko-ko.

Niliisikia waziwazi. Vidole juu ya mbao, mara tatu. Nikamtazama mama. Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya ungo.

"Mama, umesikia?"

"Sikusikia kitu," alisema upesi.

Mama hana uongo. Nikainuka, nikafungua mlango. Baraza tupu. Nikakaa na kungoja, ikawa kimya. Tulipoanza tena kuchambua mchele, na mimi nimetulia kabisa, sauti ikarudi. Safari hii nilikuwa nimegeuzia sikio upande wake. Haikutoka mlangoni. Ilitoka kwenye tangi.

Nikasogea, ikakatika. Nikarudi kukaa, ikaanza. Ndipo nikaelewa kwa nini sisi wengine hatukuisikia: tulikuwa tunakwenda huku na huko, na kila hatua yetu ilimnyamazisha mwenyewe, na tukiwa uani mvumo wa pampu uliimeza sauti yake. Aliyekaa ametulia ni mama peke yake. Nikachukua ile chupa ninayonyunyizia mimea, nikanyunyiza kwa mbali kama mvua imerudi, nikalala kifudifudi sakafuni nikitazama kona ya nyuma. Chini ya kifuu, kwenye upenyo usiotosha kupitisha yai, alikuwa amekaa chura. Mdogo, hazidi ncha ya kidole gumba changu, rangi ya limau linaloanza kuiva. Koo likavimba kama puto, na kifuu kikagonga ko-ko-ko. Chura wa matete, bila shaka alikuja kutoka Zinga akiwa amejibanza kwenye kikonyo cha gimbi, na mimi mwenyewe ndiye niliyembeba na kumjengea nyumba yenye mwangwi.

Nilimweleza mama. Alisogeza ungo pembeni, akauliza, "Kwa hiyo kweli kuna mtu alikuwa anagonga?"

"Kweli mama."

Alifuta macho kwa ncha ya kanga. "Nilikuwa naogopa, baba. Nilikuwa najiuliza, kama hili si la kweli, basi mangapi mengine si ya kweli." Halafu akashika mkono wangu. "Dada yako usimwambie kwa simu. Mwache aje."

Dada alikuja na begi kubwa, tupu, la nguo za mama. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, pumzika kwanza, katie chai uani." Dada alipotoka, mama akanielekezea kidole upande wa tangi. Nikazima pampu, nikanyunyiza maji, nikakaa, nikazuia pumzi. Uani vikombe viligongana, kisha kukatulia.

Ko-ko-ko.

"Karibu!" dada aliitikia kutoka uani. Kisha kwa sauti ya juu zaidi, "Nyie! Kuna mtu mlangoni, mbona hamfungui?"

Mama alingoja mpaka dada akatokea na birika mkononi. Akamwuliza taratibu, kwa huruma nyingi, "Hakuna mtu, mwanangu. Umeanza lini kusikia hodi?"

Dada alitazama mlango, akanitazama mimi, nami nilikuwa nimeshauma shati nisicheke. Tulimkalisha chini, tukamfundisha kutulia, na chura alipopiga tena dada akacheka mpaka birika ikamwagika. Kisha kicheko kikageuka, akalia, kichwa kwenye mapaja ya mama. "Nilikuwa na hofu mama. Nilidhani unaniondokea." Mama akamshika kichwa, wala hakumwambia anyamaze. Begi lilikaa pale pale karibu na mlango, hakuna aliyelifungua.

Tulikuwa bado tumekaa hivyo mlango ulipogongwa. Mara tatu. Dada na mimi tukageuza shingo pamoja kulitazama tangi. Mama hakulitazama. Alikuwa ameshainua kichwa upande wa barazani, ambako jirani wa vitumbua alikuwa anavuta pumzi apige hodi ya pili.

"Karibu!" mama aliita, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu dada alipokuja mara ile. "Karibu ndani! Na ukiwa chura, pita tu vilevile."