Kwenda Himbi Kuuliza Maji ya Neema

Nilitoka Kibati kwa sababu moja: nilitaka kujua kama maji niliyoteka mimi ndiyo yaliyomuua binti yangu Neema. Kipindupindu kilimchukua wakati bomba letu limekauka, nami nilikuwa nikileta maji ya ziwa kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma. Watafiti walikuja kutuhoji. Sasa walituita mtaa wa Himbi kusikia walichokipata.

Asubuhi nilipanda pikipiki moja na jirani yangu, Mama Bahati. Kwa kila mtoto aliyeugua, watafiti walitafuta mzima wa umri wake, jirani, wawalinganishe. Kwa Neema walimpata Bahati. Mama yake alikubali kwa shida.

“Mutoto muzima kumupima na marehemu, Papa Neema! Si ni kumuitia kifo?”

Kufika Munigi, mawe meusi chini ya magurudumu yaliturusha. “Mama, kamata papa muzuri,” dereva akacheka. “Ukianguka, miye sikuokoti!” Mama Bahati alimtukana kidogo. Mimi sikuweza kucheka.

Tulipofika Himbi, daktari wa utafiti, dada mpole, alituketisha. Alisema waliokunywa maji ya ziwa bila dawa waliugua zaidi kuliko wengine.

“Basi ni miye,” nikasema.

“Hapana, papa. Hesabu hii inasema juu ya watu wengi. Juu ya Neema peke yake haiwezi kusema.”

Kisha akaeleza kilichowasumbua. Waliofiwa hukumbuka kila kikombe. Wenye watoto wazima husahau, na hapo maji ya ziwa huonekana mabaya kuliko yalivyo. Walilazimika kuhesabu kwa tahadhari.

Mama Bahati aliinamisha kichwa. “Ya ziwa, hata Bahati alikunywa. Kwako, Papa Neema, wakicheza. Na watafiti niliwaambia hapana.”

“Mbona uliwaambia hapana?”

“Sikudanganya. Mutoto muzima, nani anashika maji yake kichwani?”

Sikumkasirikia. Nilikuja kutafuta hukumu au msamaha, na pale hapakuwa na kimoja.

Jioni tulirudi. Siku ile ya mwisho ya Neema naijua yote: kikombe cha bati, alivyokishika kwa mikono miwili, alivyoomba tena. Njiani nilijaribu kukumbuka alikunywa nini wiki moja kabla, au siku nyingine yoyote ya maisha yake. Sikupata hata kikombe kimoja. Alikuwa mzima, nami sikuwa nikimtazama.