Bunduki Kwenye Eda ya Mama

Miezi ile minne na siku kumi naikumbuka kwa vipande, na kila kipande kina mwanga wa saa nane mchana. Sijui kwa nini. Lazima kulikuwa na asubuhi, na mvua, na siku za kwenda kununua samaki, lakini nikifumba macho naiona nyumba yetu ya Gazi mapazia yameshushwa, sakafu ya saruji imepoa, na mamangu amekaa juu ya mkeka kwa nguo yake nyeupe. Babangu alikuwa amekufa, mama alikuwa anakaa eda, na bunduki ilikuwa kitandani.

Niseme mapema, kabla watu hawajanikodolea macho: babangu hakuwa mwindaji wala jambazi. Alikuwa mkulima. Shamba letu liko juu kuelekea vilimani, minazi na mihogo na mahindi, na huko nyani na nguruwe mwitu hawana haya hata chembe. Ndiyo maana akapewa leseni ya bunduki ya marisau, ile ya mitutu miwili, mimi hata sijazaliwa. Alikuwa akifyatua juu, nyani wanapanda minazini wanamtazama, kisha yeye mwenyewe anacheka. Sijapata kumwona akirudi nyumbani hata na kanga mmoja wa porini.

Lakini karatasi yake aliiheshimu, wallahi. Kila mara alipokwenda kuhuisha leseni alivaa kanzu na koti, na mama akiipiga pasi kanzu ile kama ya Idi. Nyumbani bunduki ilikaa ndani ya sanduku la chuma, limefungwa kufuli, kwa sababu sheria inataka hivyo, na polisi walikuwa wakija kulikagua. Siku ya kuipaka mafuta mama ndiye aliyempa chupa, mafuta yale yale ya cherehani. Waliketi wote wawili ukumbini, mama anashona, baba anasugua chuma, wala hapasemwi neno. Mimi nililala mkekani katikati yao, nikisinzia na kuamka, nikisinzia na kuamka. Sidhani kama nimewahi kupumzika vile tena.

Ami yangu, mdogo wake baba, ndiye aliyeanza. Ilikuwa siku ya pili baada ya hitima, sufuria za kuazima bado hazijarudishwa kwa wenyewe. Ami ni mtu anayeogopa karatasi; hata bili ya maji huisoma mara tatu. Akanivuta uani, akaniuliza ile bunduki iko wapi.

"Iko sandukuni, ami. Iende wapi?"

"Sikiliza," akasema. "Leseni ilikuwa ya ndugu yangu, haikuwa ya nyumba. Yeye hayupo, na leseni haipo. Kila siku bunduki ile inayokaa humu ndani ni kosa, na mwenye kosa ni yule aliye nayo."

"Na aliye nayo ni nani?"

"Mamako."

Nikacheka. Nilicheka kweli, na machozi ya matanga hayajakauka, Mungu anisamehe. Mamangu, anayemwita jirani aje amuue mende! Nikaingia chumbani kumhadithia, nikitaka naye acheke kidogo. Sanduku la chuma lilikuwa wazi, tupu. Bunduki ilikuwa kitandani, upande wa ukutani, upande wa baba, imefunikwa shuka mpaka karibu na ncha ya mitutu.

"Mama, hii yafanya nini hapa?"

"Imelala," akasema.

Wasiojua mambo ya eda nitawaeleza kidogo. Mjane hatoki nyumbani ila kwa dharura. Hajipambi, hapaki hina wala wanja, hajifukizi udi, hajitii asumini nyweleni. Nyumba yetu, iliyokuwa ikinukia tangu lango, ilizimika. Unaingia, hakuna kitu. Harufu iliyobaki chumbani mle ilikuwa ya mafuta ya cherehani tu, nyembamba, inakuja na kupotea. Niligundua kwamba nikikaa pale kitako dakika chache nasahau nimekuja kufanya nini. Mara nyingine nilijikuta nimelala miguuni pa kitanda hicho, mama naye amelala, na chuma kile kimelala, na pazia linajaa upepo na kutulia. Nikiamka sikujua ni siku gani. Mama alinieleza kwamba baba humjia nyakati zile za mchana, anasimama pale penye kabati, hasemi habari za kaburi wala pepo. Anauliza tu kama imepakwa mafuta.

"Nawe wamjibu nini?"

"Namwambia nimeipaka. Mbona nimwongopee?"

Mimi sina subira, na hilo kila mtu Gazi analijua. Kazi yangu ni mapokezi kwenye hoteli moja kule Galu, nimezoea kukabiliana na wanaonifokea kwa lugha nne. Nikajiambia, kituo cha polisi ni kaunta kama kaunta yangu. Siku ya mapumziko nikajifunga buibui nikaenda.

Askari wa zamu alikuwa kijana wa bara, Kiswahili chake kinakimbia kama kinafukuzwa. Nikamsalimu vizuri, nikamweleza vizuri. Akanisikiliza, kisha akasema, "Sasa si uilete tu hapa, madam?"

"Niilete mimi? Nina leseni mimi? Njiani mmeweka kizuizi nyinyi wenyewe. Wakinisimamisha wenzako nitawaambia nini, naitembeza ikaone bahari?"

Akakuna kichwa. "Enyewe," akasema, akinikubalia, akacheka. "Basi mathe mwenyewe aseme mko tayari, tukuje tuichukue."

Nikamweleza eda. Nikamweleza kwamba mama ameshaniambia hataki kuitoa kabla hajatoka edani, na kwamba imebaki miezi na siku kadha. Alinisikiliza kwa adabu, hilo nitamshuhudilia. Akaenda ndani, akarudi na faili ya babangu. Nilipoona picha ya baba pale juu, na koti lake, ilibidi nitazame ukutani.

"Mzee alikuwa mtu msafi," akasema taratibu. "Hakuna hata doa. Lakini madam, sheria haina eda. Silaha haiwezi kukaa miezi bila mwenyewe. Nikinyamaza mimi, atakuja mwingine asiyenyamaza. Nawapa mpaka Alhamisi. Ikipita, tutakuja na amri ya korti, tutapekua nyumba, na yule tutampata nayo ndiye ataandikwa. Na hili si kosa la kulipa faini mtu akaenda zake. Watu wanafungwa."

Nilirudi kwa miguu kutoka barabarani mpaka nyumbani, na njia nzima nilikuwa namwona mama amekaa juu ya benchi la korti Kwale na nguo zake nyeupe, watu wanaulizana yule bibi ameiba nini.

Ami alikuwa ameshamwuliza shehe, na shehe alisema dharura inaruhusiwa, mama anaweza kutoka mchana akarejea kabla jua halijatua. Tukampelekea mama habari hiyo kama watu waliobeba zawadi. Akatikisa kichwa.

"Dharura ni maradhi. Sitoki nikatazamwa na watu mpaka siku zangu zitimie."

"Basi waje wachukue," nikasema.

"Hapana. Nikitoka eda nitaipeleka mwenyewe."

"Mama, Alhamisi!"

"Alhamisi ni siku yao. Mimi siku zangu nazihesabu hapa." Akaonyesha tasbihi yake.

Nikashikwa na hasira, nikapaza sauti, ndani ya nyumba ya matanga, mbele ya ami. Nikamwambia watamfunga. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama kweli watamfunga na nguo zake za eda. Nikamwambia ndiyo, watamfunga nazo! Ami akanambia nitoke nje nikanywe maji. Sikutoka.

Ndipo mama akasema lile alilokuwa nalo moyoni. Alilisema akiwa ameshika ncha ya shuka, anaikunja na kuikunjua.

"Babako mlimtoa nimeshikwa mikono na wanawake wenzangu. Nilisikia shahada zikienda, zikienda, kisha sikusikia kitu. Kwetu wanawake hatuendi makaburini, na mimi sikatai, sijakataa maisha yangu yote. Lakini niliishi naye miaka yote ile na sikumsindikiza hata hatua moja. Hii je? Hii hakuna desturi inayonizuia. Hii nitaisindikiza. Nitafuata nyuma yake mpaka itakapoishia, nione imewekwa wapi, ndipo nirudi. Ni hilo tu, mwanangu. Siwaombi jengine."

Ami akainamisha uso. Mimi nilimwelewa mama, naapa nilimwelewa, na bado nilichokiona ni benchi la korti. Ningeweza kumwacha aamue. Lakini ningeishije akichukuliwa, nami ndiye niliyekwenda kutoa habari kituoni kwa miguu yangu?

Jumatano nikampigia simu yule askari. Sikumwambia mama. Nikamwambia aje Alhamisi saa nane, kwa kuwa mama akishasali adhuhuri hujinyoosha mpaka karibu na alasiri, na usingizi wa eda ni mzito. Nikamwomba gari aliache barabarani, asije na kishindo. Nilijiambia kwamba mama akiamka atagoma, na kugoma mbele ya askari wa silaha ni kosa jingine juu ya kosa. Nilijiambia mengi.

Alikuja peke yake. Ami alikuwa amesimama kwenye kizingiti. Askari akatazama mapazia, akatazama viatu vyake, hakuingia.

"Siwezi kuingia chumba cha mama aliyefiwa," akanong'ona. "Nitolee wewe."

"Na leseni?" nikamwuliza. Hata pale mdomo wangu haukunisaidia.

"Nitaangalia kando dakika moja."

Chumbani mwanga ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa, kwa sababu ya pazia. Mama amelala ubavu, uso ukutani, mkono mmoja juu ya shuka, juu ya chuma. Nilisimama nikamtazama muda ambao siujui. Nilisikia njiwa juu ya bati. Ningeweza kulala pale miguuni kama siku nyingine, nikaamka yote yamepita. Badala yake nikainama nikainua kidole chake kimoja, kisha cha pili. Mkono wake ulikuwa na joto, mwepesi, ukajiachia. Akasema kitu usingizini, si jina langu. Nikaitoa bunduki pole pole chini ya shuka.

Sikuwa nimewahi kuibeba. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, na baridi upande mmoja, na upande aliolala mama ilikuwa vuguvugu. Niliibeba kwa mikono yote miwili, na jinsi nilivyokuwa natembea nilihisi sakafu iko mbali. Toka chumbani, pita ukumbini pale tulipokuwa tukikaa, fika mlangoni. Ni hatua chache mno. Nilizihesabu moyoni, na hata leo nikikatisha ukumbi ule najikuta nazihesabu.

Askari akaipokea, akaikunja shingo, akachungulia mitutu yote miwili. Tupu. Akasoma namba iliyochongwa, akaiandika, akanipa karatasi nitie sahihi. Mikono yangu ikanuka mafuta ya cherehani. "Mmefanya vizuri," akasema. "Hakuna atakayeandikwa." Ami akamfuata nyuma. Niliwatazama wakipita kati ya minazi, jua linawafunika na kuwafunua, mpaka nikawa sioni tena kama ni wao au ni kivuli cha makuti.

Nikamshukuru Mungu. Nilishukuru kwa dhati, mgongo wangu umeegemea mlango. Mamangu hatakwenda korti.

Adhana ya alasiri ndiyo iliyomwamsha. Nilikuwa nimekaa mkekani, namngoja. Mkono wake ukapapasa upande wa ukutani, mara moja, kisha tena. Hakupiga kelele. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kelele, nina majibu yangu yote, sheria na korti na jela na shehe. Akageuka akanitazama.

"Imekwenda?"

"Imekwenda, mama."

"Nani aliyeibeba?"

"Mimi. Askari hakuingia ndani. Nilimtolea."

"Uliibebaje?"

"Kwa mikono miwili."

Akaitikia kwa kichwa. Nje watu walikuwa wanakwenda msikitini, nilisikia ndara zao. Nikaanza kumweleza kwamba hakuna mashtaka, kwamba ameepukana na balaa, kwamba nilifanya kwa ajili yake. Akanyanyua mkono taratibu.

"Ulikwenda nayo mpaka wapi?"

"Mpaka mlangoni."

Akatazama, kama mtu anayepima kitambaa kwa macho: kitanda, ukumbi, mlango.

"Ungeniamsha, mwanangu," akasema. "Mlangoni ningefika."